Kadi Yenye Tone Jekundu

Jumamosi saa tano asubuhi, uchochoro wa vifaa vya umeme vya mtumba hujaa mpaka ukitaka kupiga chafya unaomba nafasi kwanza. Spika kumi zinaimba nyimbo kumi, wauzaji wanashindana nazo kwa makoo yao, na mezani waya zimemwagwa kama matumbo. Hapo ndipo alipotokea mwanamke amejitwika beseni la plastiki, na ndani ya beseni, badala ya nguo au mboga, imelala sipiyu ya kompyuta iliyofunikwa taulo kama mtoto anayetoka kuogeshwa.

Alivaa sare ya bluu ya wasafishaji wa ofisi. Kola ilikuwa imechakaa lakini imepigwa pasi ikasimama, na raba zake nyeupe zilisuguliwa zikang'aa. Sura nzuri, macho makubwa, ila uso mzima ulikuwa na uchovu ule ambao hata ukilala Jumapili kutwa hautoki.

Alitua beseni kwenye meza ya muuzaji waliyemwita Feni Tatu.

"Karibu mrembo! Humo kuna dhahabu?"

"Kuna kompyuta. Nimeiunganisha na televisheni nyumbani, lakini video zinakwama. Mtu anafungua mdomo leo, sauti inakuja kesho. Nimeambiwa inataka kadi ya grafiki."

"Aliyekuambia kasoma!" Feni Tatu akanyanyua dude zito kama tofali, feni tatu na taa za rangi. "Hili ndilo baba lao. Ukiwasha, jirani anadhani kwako kuna harusi."

"Bei gani?"

Akataja. Mwanamke akashika ukingo wa beseni kana kwamba ardhi imesogea. Kwa fedha ile angedeki ngazi za watu mpaka mvua ziondoke na zirudi tena.

"Kwa ajili ya macho yako nakupunguzia..."

"Dada, hiyo haiingii humo," ikasema sauti kutoka meza ya jirani. Haikuwa na haraka wala tabasamu.

Msemaji alikuwa fundi mwembamba, anaikaribia arobaini na tano, miwani yake imefungwa mkono mmoja kwa waya. Shati lake lilipigwa pasi mbele tu. Tangu afiwe na mkewe, mwaka wa nne sasa, aliona mgongo hauna wa kuutazama. Uchochoroni walimwita Alama.

"We Alama, una nini na riziki ya mwenzio?" Feni Tatu aling'aka.

"Riziki yako ni nene, boksi lake jembamba. Na inakula umeme kama friji, sipiyu yake itazima kabla haijawaka. Keshokutwa atarudi analia, utamwambia bidhaa ikitoka hairudi."

"Kwani inarudi?"

Mwanamke akamgeukia fundi, mkono kiunoni. "Haya, na wewe malaika unauza nini?"

"Kwanza niambie unataka kuangalia nini. Kadi inakuja mwisho."

Alitazama chini, kisha akasema haraka haraka kama mtu anayemeza dawa. "Video za simu. Kaka yangu alimrekodi mama mwaka wake wa mwisho. Anapika, anagomba, anacheka. Baba anataka kumwona. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwenye simu anasema mama amekuwa mdogo kama njiti ya kiberiti. Hospitali wamemwandika kwenye orodha ya upasuaji, wakamwambia asubiri kuitwa. Huu mwezi wa tisa tunasubiri, na kila mwezi nuru inapungua. Nataka amwone mama kabla haijaisha."

Fundi alikuwa ameshaweka bisibisi chini. "Televisheni ni kubwa?"

"Kubwa. Baba aliendesha gari la taka la manispaa miaka thelathini na moja. Siku ya kumuaga wakampa televisheni, wakapiga naye picha. Kiinua mgongo kinashughulikiwa."

"Kinashughulikiwa," fundi akarudia, na wote wawili wakacheka kicheko kikavu. Neno hilo wakubwa wameshaligeuza kaburi. Kinachoingia humo hakitoki.

Alifungua sipiyu, akapuliza vumbi, akachungulia ndani kama daktari wa meno.

"Video za simu za sasa zinabanwa sana ili ziingie nyingi," alisema. "Kuzifungua ni kazi, na kompyuta yako ni mstaafu wa ofisini, inahema. Tunaitafutia kibarua wa kazi hiyo moja tu." Akatoa kikadi kisichozidi kiganja, bila feni, mgongoni kina bati jeusi la kupozea joto. "Hii fupi, itaingia. Haina feni, mzee hatapigiwa kelele. Waya mmoja tu wa HDMI, picha na sauti vinapita humo humo. Nina nyingine ya bei ya chini zaidi, imefanana nayo kama pacha, ila video za aina hiyo haizijui. Ningekuuzia hiyo ungerudi kunitukana, na haki yako."

"Na michezo je? Isije ikawa nusu kadi."

"Ya vita haiwezi. Kwenu kuna vita?"

"Ipo, ila haihitaji kadi."

Fundi akatabasamu, tabasamu la kwanza siku hiyo. Bei aliyotaja ilikuwa ya jozi moja ya viatu vya mtumba.

Mwanamke akageuka kubishana na Feni Tatu, ambaye bado alikuwa anaomboleza. Fundi akaelekea ukutani, akatia tone dogo jekundu pembeni mwa kadi, akalipuliza, kisha akaifunga ndani ya sipiyu huku akieleza waya uchomekwe wapi. Uchochoroni kila muuzaji ana alama yake, maana wapo wanaonunua kizima leo na kesho wakarudisha kibovu chao cha nyumbani. Mmoja hukwaruza kwa msumari, mwingine huandika kwa kalamu. Yeye alitumia rangi ya kucha. Chupa ilikuwa ya marehemu mkewe, ilibaki dirishani bafuni siku alipopelekwa hospitali. Mashine ya oksijeni ilikuwepo. Ufunguo wa chumba ilimofungiwa alikuwa nao bwana mkubwa, na bwana mkubwa alikuwa semina. Mpaka leo hakuna aliyeulizwa. Fundi alibaki na picha mbili, na video hata moja hana. Basi ile chupa akaihamishia kazini, akawa anaitumia tone kwa tone, na ilipoanza kukauka akaiongezea dawa ya kutolea rangi ili isimwishie.

Saa kumi alasiri simu yake ikalia.

"Fundi umeniibia! Televisheni nyeusi tii!"

"Waya umeuchomeka wapi?"

"Pale pale pa siku zote."

"Tundu la juu?"

"La juu."

"Hilo ni la zamani, dada. Tangu tuweke kadi, hilo limekufa. Shuka chini, kuna tundu jipya limelala."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unagombana na Feni Tatu."

Akasikia kiti kinaburuzwa, mtu anaguna, kitu kinaanguka. Halafu, kutoka kwenye simu, ikaja sauti ya mwanamke asiyemjua, nene, imejaa kicheko: *Nyie, hilo lisimu mnanielekezea usoni kutwa, mimi bidhaa?* Na juu yake sauti ya mzee, imekatika katikati: "Ndiye huyo. Jamani, ndiye huyo."

Hakuna aliyekata simu. Mteja mmoja alikuwa anamgongea fundi meza, fundi hamsikii.

"Fundi, upo?"

"Nipo."

"Asante."

"Mwambie mzee asikae karibu sana na kioo," alisema, akamgeukia mteja.

Namba akaihifadhi kwa jina la Dada wa Beseni. Kesho yake akapiga kuuliza kama kadi inapata joto. Keshokutwa akauliza hilo hilo.

"Fundi, hii kadi ina homa? Kila siku unaiulizia joto."

"Ni mgonjwa wangu, lazima nimfuatilie."

"Mgonjwa wako ni kadi, au kuna mwingine?"

"Kata simu, nina wateja."

"Kata wewe, mpenzi wa makadi."

Na hakukata mtu. Ikawa kila adhuhuri mwanamke anakaa kwenye ngazi za dharura za ofisi ya bima anayoisafisha, ufagio umeegemea ukuta, viatu amevua, simu sikioni. Fundi naye akaanza kupiga pasi shati mpaka mgongoni. Wa kwanza kugundua alikuwa Feni Tatu. "Alama! Mgongo umenyooka! Nani anakufuata nyuma siku hizi?"

Miezi miwili ikapita hivyo. Jumatano moja mwanamke akatoka kazini mapema, akabadilisha nguo chooni, akaja uchochoroni bila kumwambia mtu. Alivaa gauni la njano la mkanda mwembamba, na vipuli vidogo, na mkononi chupa ya chai. Uchovu ulikuwepo bado, lakini siku hiyo alikuwa ameuvalisha vizuri. Alimkuta fundi ameinama, anatia tone kwenye kadi ya mtu.

"Hee! Rangi ya kucha! Na hiyo ya nani, we baba?"

Fundi akainua kichwa, akamwona, akafurahi, na furaha ikampumbaza.

"Ya mke wangu," alisema.

Maneno mengine yalikuwa ulimini. Filimbi ikalia mwanzoni mwa uchochoro, kisha nyingine. "Vibali! Vibali mkononi!" Askari wa manispaa walikuwa wameingia. Vibali watu wote walikuwa navyo, wamevilipia tangu Januari, karatasi ya bluu yenye mhuri. Ila wiki ile wakubwa walikuwa wameamua kibali kiwe cha kijani, wasimwambie mtu, na mwenye bluu akawa mhalifu. Meza zikapinduka. Fundi akakumbatia boksi la kadi, akasukumwa huku na kule, mlango wa kibanda chake ukapigwa mnyororo. Alipogeuka kumtafuta, akaona chupa ya chai tu, imesimama peke yake juu ya meza.

Mwanamke alikuwa anatembea kwa miguu kwenda kwao. Miaka ya nyuma aliwahi kuwa mpenzi wa pembeni wa mume wa mtu mwaka mzima bila kujua, mpaka mwenye mume alipomfuata kazini akamwaga ndoo ya maji machafu mbele ya mabosi wake. Akaapa haitatokea tena. Kabla hajafika mlangoni kwao, namba ya fundi alikuwa ameshaifungia.

Siku kumi kibanda kilifungwa. Fundi alishinda foleni ya karatasi ya kijani, na kila foleni iliposimama alipiga simu, na kila alipopiga haikupita. Hakushangaa sana. Uchochoro mzima unajua mke wake amekufa, akadhani na huyu ameshaambiwa. Alijisemea kwamba mwanamke mwenye akili hawezi kutaka kugombea nafasi na marehemu. Shati akarudia kulipiga pasi mbele tu.

Nyumbani kwa akina beseni, mzee alikuwa haoni vizuri, lakini anasikia.

"Yule fundi wa 'kata wewe' kaenda wapi?"

"Ana mke, baba."

"Nani kasema?"

"Yeye. Kwa mdomo wake."

Mzee hakutosheka. Miaka thelathini na moja ya kubeba taka ilimfundisha kwamba mfuko haujulikani mpaka uufungue.

Kesho yake binti alipokwenda kazini, mzee alitambaa nyuma ya televisheni, ilikowekwa sipiyu. Akapapasa kwa vidole, tundu la chini, tundu la juu. Siku hiyo hatamwona mkewe, alilijua hilo, na siku zake za kuona alikuwa anazihesabu. Akauchomoa waya, akauchomeka juu. Namba ya fundi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene mgongoni mwa sipiyu. Akamwomba mama wa chumba cha pili ambonyezee.

"Wewe ndiye Alama?"

"Ndiye, mzee. Nani mwenzangu?"

"Baba wa beseni. Televisheni yako imekufa."

"Televisheni si yangu mzee, yangu kadi."

"Usinibabaishe. Njoo leo. Au mkeo hakuruhusu?"

Kwenye simu zikapita kelele za foleni ya vibali.

"Mke wangu alifariki, mzee. Huu mwaka wa nne."

Mzee akavuta pumzi. "Mwanangu, wewe kusema mambo hujui kabisa. Njoo."

Fundi alifika saa kumi na moja. Chumba kilikuwa kimoja kimegawanywa kwa pazia, sakafu imedekiwa mpaka inaonyesha uso, na ile televisheni ya manispaa imejaa ukuta mzima kama dirisha la tajiri. Fundi akapiga magoti nyuma yake. Haikumchukua hata dakika.

"Mzee. Nani kauchomeka waya juu?"

"Panya."

"Panya wenu anajua HDMI?"

"Panya wa manispaa huyo. Hakuna tundu asilolijua."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa binti, ndani ya sare yake ya bluu, ndoo mkononi. Akaona miguu ya mwanamume imechomoza nyuma ya televisheni, na mgongo wa shati lisilopigwa pasi, akamtambua.

"Mume wa mtu anatafuta nini kwetu?"

"Mume wa marehemu," mzee akasema kutoka kitini. "Muulize vizuri. Mimi nilimuuliza dakika moja tu."

Fundi akatoka kule nyuma, vumbi kichwani, waya mkononi. Akasema yote akiwa amepiga magoti vile vile. Semina. Ufunguo. Chupa ya dirishani. Alisema kwa sauti ya chini, bila kupamba, kama anayesoma orodha ya vitu vilivyopotea.

Binti aliweka ndoo chini. Kwanza machozi, halafu hasira ikayapita.

"Miezi miwili! Kila siku joto la kadi, joto la kadi! Hukupata nafasi ya kusema umefiwa?"

"Siku ile nilikuwa nasema. Filimbi ikalia."

"Na siku nyingine zote? Napo pana filimbi?"

Fundi akautazama waya. "Nikitia lile tone naona kama bado tunafanya naye kazi. Nikisema amekufa, basi nafanya kazi peke yangu."

Akatoa chupa mfukoni. Rangi ilibaki kidogo chini kabisa, nzito kama asali ya mwisho. Binti akaipokea, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Hii karibu inaisha."

"Najua."

"Ikiisha utabaki na nini?"

Fundi akafuta vumbi usoni kwa mkono wa shati.

"Basi usiitie kwenye makadi ya watu tena. Watu wenyewe hata hawajui wamebeba nini. Ipeleke nyumbani uirudishe dirishani." Akamrudishia, akavikunja vidole vyake juu ya chupa kimoja kimoja.

"Jamani," mzee akaingilia, "mtabembelezana baadaye. Mke wangu yuko gizani. Waya!"

Fundi akarudi nyuma, akauchomeka chini. Televisheni ikawaka, na mama akajaa ukuta mzima, mwiko mkononi, anamkaripia mtu aliyekuwa nyuma ya simu siku ile: *Na wewe umesimama hapo kama mgeni wa msiba, huna kwenu? Mpeni kiti huyo.*

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mkono wake ulinyooka kuelekea kioo, ukabaki hewani. Binti akaburuta kiti, akakiweka nyuma ya magoti ya fundi.

"Umesikia. Kaa."

Akakaa. Wakatazama wote watatu. Mama alipika, akagomba, akaimba vibaya, na picha haikukwama hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata kibali cha kijani kilikuwa kimetundikwa kibandani. Mwanamke akaja bila beseni, amevaa lile gauni la njano, akaweka mezani chupa mpya ya rangi ya kucha, ya kahawia.

"Ya dukani hii."

Feni Tatu akanyoosha shingo. "Alama! Hiyo nayo ya nani?"

Fundi alitupa jicho mwanzoni mwa uchochoro, kisha akajibu kwa sauti ya watu kumi. "Ya mchumba wangu! Mke wangu alifariki!"

"Mchumba?" mwanamke akashika kiuno. "Nani kaniposa mimi?"

"Niliongea na mzee jana. Kasema mahari hataki ng'ombe wala fedha. Anataka mtu wa kumpeleka hospitali kila Jumatatu kuuliza ile orodha, asichoke mpaka wamwite."

"Hiyo mahari ndefu. Unawajua wale. Tutazeekea kwenye benchi."

"Najua."

Mwanamke akamkagua. Akaona shati limepigwa pasi mpaka mgongoni, vibaya, mikunjo miwili inapishana. Akavuta kigoda, akavua raba zake zilizokuwa zinambana, akaketi karibu naye.

"Haya," alisema, akimsogezea kadi ya kwanza ya siku hiyo. "Tuzeekee basi."